Msanii Aitwaye Yule Yule

Kwa mujibu wa kompyuta ya Fundi, mwanamuziki aliyerekodi nyimbo nyingi kuliko wenzake wote aliitwa Yule Yule. Nyimbo zake zilikuwa mia nne na kumi na mbili. Aliimba kwa sauti ya mwanamume mnene, akaimba kwa sauti ya msichana, akaimba kama kwaya ya watu thelathini, na mahali fulani katikati hakuimba kabisa bali alikuwa tarumbeta. Kipaji cha namna hiyo hakijapata kuonekana, na ni jambo la kusikitisha kwamba hapakuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kukutana naye.

Fundi alikuwa ameketi mbele ya skrini, mikono magotini, kama mtu aliyeitwa kwa mkuu wa shule. Alikuwa ametengeneza redio kwa miaka thelathini na minane, na kwa uzoefu wake chombo kilichoharibika huwa na adabu ya kutoa moshi, au angalau kunguruma. Hiki hakikunguruma. Kilimwonyesha maandishi ya kijani: "Hongera! Maktaba yako imepangwa."

"Dada," aliita, "huyu Yule Yule ni nani?"

"Nani?" Sauti ilitoka chumba cha pili, pamoja na harufu ya pasi ya moto.

"Yule Yule."

"Yule yupi?"

"Yule Yule!"

"Sasa wewe mtoto, nitamjuaje kama humtaji jina?"

Mtoto huyo alikuwa na miaka sitini na minne. Dada yake alimzidi minane, na hakuwa tayari kumpunguzia hata mmoja. Mtaa mzima ulimwita Karani, ingawa alishastaafu kupiga taipu ofisini zamani, kwa sababu bado alikaa wima kwenye kiti chochote kile kana kwamba mkurugenzi yuko mlango wa pili. Alikuja, akavaa miwani iliyokuwa ikining'inia kifuani, akaitazama skrini.

"Hiyo ni kazi yako," alisema. "Mimi nimepiga kilichoandikwa."

Na kweli, alipiga kilichoandikwa. Hapo ndipo palipokuwa na msiba.

Zamani, kila Jumapili alasiri, Fundi alikuwa akibeba kinasa sauti chake cha betri hadi ukumbi wa starehe, anakiweka chini ya kiti cha mbele, na kunasa kila bendi iliyopanda jukwaani. Miaka ilipopita na kanda zikaanza kuota ukungu, alizihamishia kwenye kompyuta, wimbo mmoja baada ya mwingine, akazipanga kwa kanda: kanda ya tisa, upande wa pili, na kadhalika. Alizijua kama mtu ajuavyo mifuko ya suruali yake. Kisha kompyuta ya zamani ikafa, mpya ikaja na programu iitwayo Mtunza Nyimbo, na Mtunza Nyimbo hakujua kanda ni mnyama gani. Alitaka vitu vitatu tu: msanii, jina la wimbo na albamu. Penye pengo aliweka kidoa chekundu. Siku ya kwanza skrini ilionekana kama bweni lililoingiwa na surua.

Karani hakuvumilia mapengo. Alichukua daftari la Fundi, akakaa wima, na kwa wiki mbili akapiga nyimbo zote mia sita na kitu, mstari kwa mstari. Katika daftari hilo Fundi aliandika jina la mwimbaji mara moja tu, na chini yake, mpaka mwimbaji abadilike, akaandika "yule yule". Wimbo asioujua jina aliuandika "ule mwingine". Kwenye daftari utaratibu huo haukuwa na kasoro, maana jicho hupanda juu mpaka likutane na mtu mwenye jina. Lakini Mtunza Nyimbo alipomaliza kumeza kila kitu aliyapanga majina kwa alfabeti, akawang'oa akina yule yule kwenye mistari yao na kuwakusanya wote chini kabisa, kwenye herufi Y. Wakawa kama watoto wa chekechea waliopotea sokoni, kila mmoja ukimuuliza baba yake ni nani anajibu: "Ni baba." Hata tarehe hazikusaidia. Programu iliyagusa mafaili yote siku moja, ikayapa majina mapya, na yote yakawa yamezaliwa Jumanne.

"Hukuona kwamba mtu hawezi kuitwa Yule Yule?" Fundi aliuliza.

"Bosi wangu mmoja aliandika, 'Mkutano utafanyika tarehe thelathini na mbili.' Nikapiga thelathini na mbili. Sikuongeza, sikupunguza."

"Watu walikuja?"

"Hawakuja. Lakini hakuna aliyenilaumu mimi."

"Basi lete daftari."

Karani alimtazama kwa huruma, kama anayetazama mgeni wa ofisi asiyejua foleni inaanzia wapi. "Rasimu ikishapigwa safi, inachanwa. Mara nne. Umelelewa wapi wewe?"

Wakati Fundi akitafuta neno la kumjibu dada mkubwa bila kupata laana, skrini ilitoa mlio. "Tumegundua nyimbo 38 zinazofanana," iliandika. "Msanii: Yule Yule. Jina: Ule Mwingine. Tunashauri kufuta 37."

"Hapo nayo imesema kweli," alisema Karani, akinyoosha kidole. "Za nini zote hizo?"

"Usiguse!" Fundi alimshika mkono. Na katika kushikana huko ndipo waliposikia hodi.

Aliyeingia alikuwa Mkunga wa zahanati ya jirani, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, ambaye nusu ya watu wa mtaa ule alikuwa amewashika yeye kabla ya mama zao. Alimwamkia Karani shikamoo, akaitikiwa marahaba, akasukumiwa kiti, asikikalie.

"Fundi, ndugu yangu, nimekuja kwa ule wimbo wa funguo."

"Upi?"

"'Funguo nimekupa, mlango unaufunga wa nini.' Kesho wananiaga kazini. Mjukuu wangu ndiye msema chochote, na ameweka kwenye ratiba, namba sita: 'Bibi anadai aliwahi kuimba.' Anadai! Wameandika hivyo hivyo, na wamepiga chapa."

"Mwandishi alikuwa makini," alisema Karani.

Fundi alijikuna kidevu. Wimbo wa funguo aliukumbuka vizuri. Mtaa mzima wa enzi zile uliukumbuka. "Lakini Mkunga, ule si wa Chiriku? Chiriku wa bendi ya ukumbini?"

Mkunga alikaa. Alikaa kama mtu aliyekatwa kamba.

"Unaona? Kila mtu ananiambia hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nakata tiketi mlangoni pale. Siku moja Chiriku hakuweza, wakanivuta jukwaani, nikaimba. Nakumbuka hata viatu nilivyovaa. Lakini marehemu mume wangu alisema ni Chiriku, dada zangu walisema ni Chiriku, na wewe miaka yote hii ukiulizwa unasema ni Chiriku. Miaka arobaini, Fundi! Sasa hata mimi nimeanza kujiuliza. Mtu anaweza kukumbuka kitu ambacho hakikutokea?"

Pasi chumba cha pili ilitoa mvuke peke yake.

"Kwa hiyo sitaki unisifie," aliendelea Mkunga. "Nataka kujua. Kama si mimi, niambie leo, kesho nifute namba sita. Sitaki kuaga kazi na uongo mdomoni."

Fundi aligeukia skrini. Nyimbo zote alizonasa siku za Chiriku aliziandika ule mwingine, kwa kuwa mwimbaji yule hakuwa na desturi ya kutaja majina ya nyimbo. Maana yake wimbo wa funguo ulikuwa miongoni mwa zile thelathini na nane zilizokuwa zikisubiri hukumu. Alibonyeza wa kwanza: mzee akilalamikia mapenzi. Wa pili: kwaya. Wa tisa ukaanza kwa gitaa lililopanda na kushuka kama mtu anayetafuta kitu mifukoni, kisha sauti ya msichana ikasema funguo nimekupa.

Walisikiliza hadi mwisho, wote watatu, shingo zimeinama upande mmoja.

"Chiriku," alisema Fundi.

"Ni wewe kabisa," Karani alimwambia Mkunga.

Mkunga alikunja mikono yake mikubwa. "Mimi sijui," alisema polepole. "Sauti niliyokuwa naisikia mimi ilikuwa ya ndani ya kichwa. Hii ya nje simfahamu mwenyewe."

Fundi alihisi kitu kikimtekenya nyuma ya sikio, kile kitu ambacho zamani kilimfanya afungue redio nzima zisizo na ubovu. Alikumbuka kwamba pale ukumbini kila mwimbaji alitangazwa. Mtangazaji alikuwa bwana mmoja mwenye tai fupi, aliyependa sauti yake kuliko bendi. Tangazo lingemaliza ubishi. Lakini Fundi tangu ujanani alishikilia kwamba maneno si muziki, na kila faili alilianzisha kwenye mlio wa kwanza wa gitaa.

Aliurudia wimbo. Ulipokaribia mwisho, sauti ikafifia taratibu na wimbo mwingine ukaingia juu yake kwa ulaini.

"Makofi yako wapi?" aliuliza.

"Makofi gani?"

"Watu walipiga makofi siku ile, nakumbuka. Na tazameni hapa. Inasema wimbo una dakika nne na sekunde hamsini. Lakini imeruka kwenye nne na thelathini na tano. Sekunde kumi na tano zimekwenda wapi?"

Alifungua mipangilio. Aliikuta: "Mpito laini. Nyimbo huunganishwa bila ukimya." Alijaribu kuuzima. "Mpito laini hauwezi kuzimwa katika toleo hili," ilijibu programu. Alijaribu tena, kwa nguvu zaidi, maana fundi wa redio huamini kwamba kitufe husikia. Hakikusikia.

"Inakulisha kwa kijiko na hutaki," alisema Karani.

Fundi aliiacha. Alizunguka nyuma, akaingia kwenye mafaili yenyewe, akaufungua wimbo ule kwa kile kichezeo duni kilichokuja na kompyuta, ambacho hakikuwa na rangi wala hakikumpongeza mtu. Akausogeza hadi mwishoni. Na hapo, kutoka katika sekunde zile kumi na tano, ukafumuka ukumbi mzima: makofi, kiti kikiburutwa, mtu akikohoa, mwingine akidai soda yake. Kisha sauti ya yule bwana wa tai fupi ikianza kumkaribisha mpiga tarumbeta, tarumbeta ikalia mara moja, kimya.

Wote watatu walitazamana.

"Mkono wangu mzito," Fundi alinong'ona. "Wakati wa kuhamisha kanda nilikuwa nachelewa kubonyeza simama. Halafu narudisha mkanda nyuma kidogo nisikose kichwa cha wimbo unaofuata. Kwa hiyo..."

"Kwa hiyo kila wimbo umeshika kwa mkia wake kichwa cha mwenzake," alimalizia Karani, ambaye hakupenda sentensi zilizoachwa wazi.

"Kwa hiyo," alisema Mkunga, na kwa mara ya kwanza akasogeza kiti, "tutafute mkia wenye gitaa la funguo."

Kazi ikagawanywa. Fundi alifungua mafaili, Mkunga alisikiliza, Karani alinukuu kila mkia kwa hatimkato, mistari ya vijikulabu ambayo yeye pekee aliisoma. Mkia wa kwanza ulikuwa na mtoto analia. "Njaa hiyo," alisema Mkunga bila kuulizwa. Mkia wa tano ulikuwa na mama anayemtafuta mumewe kwa jina la ukoo mzima. Walicheka, wakarudia, wakasahau kidogo walichokuwa wakitafuta. Wa kumi na mbili ulikuwa na Fundi mwenyewe, sauti ya ujana, akimuuliza msichana fulani kama kiti kile kina mtu. Msichana akajibu kina mtu.

"Futa huo," alisema Fundi.

"Umeshanukuliwa," alisema Karani.

Wa ishirini na tatu ulikuwa wimbo wa ajabu. Ulianza vizuri, msichana akaimba mstari mmoja na nusu, kisha paa! Kitu kikakatika na bendi ikanyamaza. Vicheko. Kisha mtangazaji: "Mabibi na mabwana, uzi wa gitaa umekatika, lakini moyo haujakatika! Sasa tena, anawajia na wimbo mwingine..." Wote waliinama mbele. "...yule yule!" Makofi. Na gitaa lile, likitafuta kitu mifukoni.

Fundi aliweka paji la uso juu ya meza.

"Hata yeye!" alisema Karani kwa mshangao wa kitaalamu. "Na mlinilaumu mimi."

Lakini Mkunga hakucheka. Alikuwa amerudi nyuma kwenye kiti. "Basi si mimi," alisema. "Huyo aliyeimba wa funguo aliimba nyimbo mbili. Mimi nilipandishwa kwa mmoja tu. Nimeona. Asanteni." Akashika mkoba wake.

"Subiri kwanza," alisema Fundi, bado uso mezani.

"Nisubiri nini? Umesikia mwenyewe."

"Nimesikia mstari mmoja na nusu. Huo ni wimbo?" Aliinua kichwa. "Mkunga, mama akifika zahanati, uchungu ukaja kisha ukapoa akarudi nyumbani, unahesabu amezaa?"

Mkunga alisimama na mkoba mkononi. "Uzi," alisema. "Kitu kilinipiga hapa, shavuni. Nilidhani wamenitupia kitu. Nilitaka kushuka, mpiga gitaa akanishika sketi." Aligusa shavu lake. "Au ni mimi nataka kukumbuka hivyo?"

"Hatutauliza kumbukumbu yako," alisema Fundi. "Tutauliza mkia uliotangulia."

Walimaliza nyimbo zote thelathini na nane. Mkia uliotangulia haukuwamo. Zilibaki nyimbo mia tatu na sabini na kitu za yule Yule Yule mwenye bidii, na jua lilikuwa limeshaondoka dirishani. Karani ndiye aliyeacha kalamu.

"Wewe mtoto. Kwenye daftari, yule yule wa kwanza alikaa chini ya nani?"

"Chini ya mtu mwenye jina, bila shaka."

"Basi kwa nini tunamtafuta kwa wasio na jina?"

Fundi alimtazama dada yake muda mrefu, kwa jicho la heshima ambalo hakupanga kumwonyesha tena. Alipanda juu hadi herufi C. Chiriku, kwa jina lake mwenyewe, alikuwa na nyimbo sita tu, kila mmoja kichwa cha orodha yake. Fundi alifungua mkia wa kwanza: bendi inapumzika. Wa pili, wa tatu: hakuna. Wa nne ulikwisha kwa sauti ya Chiriku ikikwaruza kama mlango wa stoo, kisha kikohozi kirefu, kisha mtangazaji.

"Mabibi na mabwana, Chiriku wetu koo limemgomea. Msiondoke! Badala yake nawaletea binti mnayemfahamu wote, maana hakuna aliyeingia humu bila kupita kwake. Binti anayewakatia tiketi mlangoni! Mpeni moyo, mwenzenu anatetemeka." Makofi machache, ya wasiwasi. Na gitaa la ule wimbo uliokatika.

Mkunga alikaa chini polepole, mkoba ukateleza hadi sakafuni, asiuokote.

Fundi alikuwa amekwisha kuelewa jambo jingine, na halikuwa tamu. Siku ile, miaka arobaini iliyopita, alikuwa ameandika Chiriku, na chini yake, kwa kuwa maneno si muziki na hakuyasikiliza, akaandika yule yule, na yule yule. Halafu kila aliyeuliza alimsomea daftari.

"Mkunga," alisema. "Aliyekunyang'anya wimbo ni mimi. Waliobaki wote walinukuu kwangu."

"Nimeelewa," alisema Mkunga.

"Nisamehe."

"Nitafikiria. Kwanza weka tena."

Aliweka tena: tangazo, uzi, yule yule, na wimbo wa funguo mzima. Sasa walisikia jambo ambalo hawakulisikia mwanzo. Pale juu, kwenye neno mlango, sauti ilipanda kutafuta noti, ikaikosa, ikaigonga ya jirani yake, ikaomba radhi na kushuka.

"Uuuh," alisema Karani.

"Chiriku asingekosea pale," alikiri Fundi.

Mkunga alikuwa ameshatoa simu na kupiga. "Mjukuu wangu? Uko wapi? Basi kaa chini. Hapana, kaa kabisa." Aliisogeza simu hadi kwenye spika, akaishikilia hapo kwa mikono miwili kama anavyoshikilia vichanga, na Fundi akabonyeza. Binti wa tiketi alitangazwa, akakatikiwa na uzi, akatangazwa upya, akaimba, akapanda, akakosa. Wimbo ulikwisha. Karani alichungulia kama simu imekatika.

"Bibi," ilisema hatimaye sauti ndogo, yenye mashaka makubwa, "mbona unaimba vibaya hivyo?"

Mkunga aliigeukia nyumba ile yote, uso umefunguka, macho yamejaa.

"Mmesikia?" alisema. "Amesema *unaimba*."